Siku Tatu Tulizowanyamazia Ndege

Bugarama, 13 Mei 2025

Mwanangu Damascène,

Nakusalimu kwanza, maana hasira yangu haijafika mahali pa kusahau salamu. Baba yako kule Butare mguu unaanza kumkubali. Juzi alitembea mpaka kwenye migomba na kurudi bila fimbo, kisha akalala siku nzima kwa majivuno. Benitha, jirani yangu wa kipande cha shamba cha chini, amejifungua msichana, wa nne sasa, na bado anatafuta jina. Mimi ni mzima, ila sauti imekauka, na sababu yake utaisoma hapa chini.

Barua hii Marguerite, rafiki yangu anayekaa Kamembe, ataibeba akirudi kwake na kuiweka kwenye basi la Kigali. Najua una simu, na mimi ninayo. Lakini kwenye simu ukinisikia naanza kupanda juu, unasema mtandao umekatika. Karatasi haina mtandao, utanisoma mpaka mwisho.

Jumamosi iliyopita hicho chama unachofanyia kazi, Tembea Ujue, kilileta Siku ya Ndege kwa Familia katika mpunga wetu. Sina ugomvi na jambo lenyewe. Kuona baba na mama na watoto wao wamesimama kwenye tuta wakipokezana darubini ni kitu kizuri. Ugomvi wangu ulianza Alhamisi, siku mbili kabla, pale Nsengiyumva, rais wa koperative yetu, alipokuja akipita kila dungu la kulindia ndege pamoja na yule mkuu wako, Divine. Akatuambia kwamba kuanzia saa ile mpaka Jumamosi jioni hakuna kupiga kelele, hakuna kugonga makopo, hakuna kuvuta kamba. Ndege wazoee, watulie, wageni wawaone vizuri.

Damascène, ilikuwa wiki ya maziwa. Wewe huhitaji kuelezwa, lakini nitaeleza ili ukawasomee ofisini kwenu. Mpunga ukitia maziwa, punje ukiibana kwa kucha inatoa uji mweupe, na ndege wa manjano wanaolala kwenye mafunjo hawataki tena chakula kingine. Ndiyo maana tunapanda madungu kabla ya jua na kupiga kelele mpaka saa sita. Wakipumzika kwa joto, tunapumzika. Saa tisa wanarudi, na sisi tunarudi. Siku moja ya kulala usingizi inaonekana shambani. Sisi tulilazwa tatu.

Nilimweleza Divine hayo yote, kwa upole, kofia waliyonipa ikiwa kichwani mwangu. Akatabasamu, akanishika bega.

"Maman, hizi siku ndege ni bageni betu," akasema. "Tubaache bakule kidogo."

Nikamuuliza, "Mugeni gani anakuya na batu elfu moja bila kupiga hodi?"

Nsengiyumva akanikata jicho. Yeye alikuwa ameshapewa kofia mbili.

Jumamosi wageni walipofika, ndege walikuwa wametulia kweli. Nani asingetulia mezani? Kipande changu, unakijua, ndicho kinachogusa mafunjo, kwa hiyo walianza kwangu. Waliyoelezwa juu ya yangeyange, kwamba wanakula vyura na wadudu na hawagusi mpunga, ni kweli, nami niliitikia kwa kichwa. Kisha msichana mmoja mwenye daftari akauliza yale makopo yanayoning'inia kwenye kamba ni ya nini. Divine akamjibu kwamba ni mapambo ya asili ya wakulima wa Bugarama. Niliinua mkono. Nikaambiwa maswali ni baadaye. Baadaye walikunywa juisi, wakapanda gari.

Sasa nijibu jambo moja tu. Siku hiyo nani aliichagua?

Shangazi yako,
Dative


Kigali, 2 Juni 2025

Shangazi mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Kigali. Nimefurahi kusikia habari ya mguu wa Baba, mwambie asijivune akaanguka. Mpe Benitha hongera. Mimi niko salama, nimehamia chumba kingine karibu na kazi, kina dirisha linalofunguka. Mvua zimekatika, vumbi limeanza.

Nimesoma barua yako na nimesikitika kwamba hukuridhika. Siku ilichaguliwa na kamati ya programu kwa kufuata taarifa za kitaalamu kuhusu wakati ndege wanapokuwa wengi. Ofisini wote wanasema ilikuwa siku bora kuliko zote za mwaka. Familia nyingi zimeandika kushukuru, na lile swali la makopo nitalifikisha kwa wahusika.

Nimekuwekea ndani kijitabu tulichochapisha. Uko ukurasa wa nne, umetoka vizuri.

Mtoto wako,
Damascène


Bugarama, 9 Juni 2025

Damascène,

Baba yako anakusalimu. Alianguka, kama ulivyotabiri, lakini ni kwenye nyasi. Mtoto wa Benitha ameitwa Niyonsaba. Kwangu salama.

Nimeuona ukurasa wa nne. Nimekaa chini ya dungu langu, mikono mapajani, kofia yenu kichwani, natazama mpunga wangu ukiliwa. Chini yake mmeandika: "Mkulima akifurahia utulivu wa asili."

Nikifurahia. Nilimwonyesha Benitha, akacheka mpaka mtoto akatoka kwenye ziwa. Mimi sikucheka. Nimeishi miaka sitini na moja, nimelelewa Uvira kule Kongo, nimerudi nchi hii na godoro moja, nimezika mume, na hakuna aliyewahi kuniandikia chini ya uso wangu kitu ambacho sikuwa nikikifanya. Kama mlikosa maneno, mngeacha nafasi nyeupe.

Na wewe unaniandikia "wahusika" na "taarifa za kitaalamu". Hayo ni maneno ya kumwandikia mtu aliyekuja kuomba kibali. Nani huko Kigali ana taarifa juu ya mafunjo ya Bugarama? Wataalamu gani walipita hapa ambao sisi tulio juu ya madungu toka asubuhi hatukuwaona?

Likizo zako zote, kuanzia miaka minane mpaka ulipomaliza shule, ulikaa dungu hilo hilo pamoja nami. Kopo lako la maziwa ya unga, lile ulilolitoboa tundu mbili ukapitisha uzi ulivae shingoni, bado ninalo. Ulikuwa unawajua ndege kwa sauti kabla ya kuwaona. Kwa hiyo mtoto wangu alikuwepo ndani ya ofisi hiyo walipopanga kutunyamazisha wiki ya maziwa. Alikuwepo au hakuwepo?

Nijibu hilo.

Dative


Bugarama, 30 Juni 2025

Damascène,

Salamu. Baba yako mzima, Benitha mzima, Niyonsaba ananenepa. Maembe ya kwa Marguerite yameanguka yote na upepo, kwa hiyo mwaka huu usitegemee kikapu. Joto limepungua kidogo asubuhi. Kanisani wamebadilisha saa ya misa ya pili na watu wamenung'unika, kisha wamezoea.

Tumevuna. Juu ya mavuno usiniulize.

Wiki tatu nangoja jibu la swali la neno moja.

Dative


Kigali, 19 Julai 2025

Shangazi,

Salamu kwako na kwa Baba. Niko mzima wa mwili.

Jumatano Benitha alinipigia simu. Alisema hujui kwamba anapiga, na nakuomba usimgombeze. Amenieleza ambacho wewe hujaniandikia. Kwamba msimu uliopita ulipougua malaria kipande kilizaa kidogo, na kwamba sasa kimezaa kidogo tena. Na kwamba koperative imekupa onyo la maandishi, kwa sababu kanuni inasema kipande kinachokosa misimu miwili kinapewa mtu mwingine. Ananiambia kamati itaamua tarehe 16 Agosti. Umeniandikia juu ya maembe ya Marguerite na hukuniandikia hilo.

Nimekaa na karatasi hii siku tatu. Ninajibu maswali yako yote mawili.

Nilikuwepo. Na siku niliichagua mimi.

Mwezi wa pili uliniandikia barua. Naiweka humu ndani, uisome mwenyewe, nimepiga mstari. Uliandika: "Ukitaka kuona ndege wa Bugarama njoo wiki ya pili ya mwezi wa tano, mpunga ukiwa na maziwa, wanakuja wanaziba jua." Ofisini walikuwa wanatafuta siku. Nikasema wiki ya pili ya mwezi wa tano. Wakaniuliza nimejuaje, nikasema nimefuatilia. Divine akaandika ubaoni na wote wakanisifu.

Barua yako haikuishia pale. Mstari unaofuata uliandika: "tunawapigia kelele mpaka sauti inanitoka." Huo nao niliusoma. Divine aliposema tutaomba wakulima wanyamaze siku tatu, nilijua maana yake. Nilijua kwa mikono yangu. Ningeweza kusema sentensi moja. Lakini wangeniuliza nimejuaje, na jibu lake ni kwamba nimekulia juu ya dungu nikiwa na kopo shingoni. Pale ofisini wanajua kwamba ndege nilijifunza chuoni. Wenzangu wamelelewa na vitabu vyenye picha. Niliona aibu, Shangazi, nikanyamaza, na ninyi mkanyamazishwa.

Maneno yale chini ya picha yako hayakuandikwa na mimi. Lakini niliyaona kabla hayajachapwa.

Sijui niseme nini tena.

Damascène


Bugarama, 27 Julai 2025

Damascène,

Baba yako anakusalimu. Sijamwambia kitu, kwa hiyo salamu zake ni safi.

Nimesoma barua yangu ya mwezi wa pili. Ni kweli niliandika. Nilikuwa najisifu. Mtu aliyekaa peke yake anajisifu hata kwa adui zake, na wale ndege ni adui zangu wa miaka ishirini na sita, nawajua kuliko majirani. Nilikuita uje uwaone wewe. Nilitaka uje ukae nami wiki moja, maana hujaja toka mwaka juzi. Sikuandika barua kwa chama. Ulichukua mwaliko wangu ukawapa watu wengine, wakaja wao, wewe hukuja.

Juu ya onyo: sikukuandikia kwa sababu sikutaka unitumie kitu ukadhani tumemalizana. Benitha nimemgombeza.

Sasa nisikilize vizuri, sauti imerudi. Aibu ya kopo unaielewa wewe mwenyewe, mimi siielewi. Kopo hilo ndilo lililofanya ubaki na mpunga wa kula likizo nzima. Watoto wa darubini walikuwa wanatajiwa majina ya ndege kutoka kitabuni, na wewe ulikuwa unaweza kuwaambia ndege yupi anatangulia asubuhi, yupi anakuja kuchungulia peke yake kabla ya kundi, yupi hasikii kopo mpaka uongeze jiwe ndani. Hiyo si elimu? Umewanyima wao, umeninyima mimi, umemwachia Divine aseme makopo yangu ni mapambo. Nimekasirika, Damascène. Nimekasirika hata nikipika.

Kulia kwenye karatasi hakunisaidii. Andika barua nyingine, kwa kamati ya koperative. Sema nani alichagua siku, nani aliomba tunyamaze, nani alikubali kwa niaba yetu. Usitumie neno "wahusika". Weka jina lako lote na kazi yako. Mpe Divine nakala yake, aisome ukiwa umesimama hapo hapo. Ukishindwa, usiniandikie tena salamu.

Dative


Kigali, 11 Agosti 2025

Shangazi,

Salamu. Sijashindwa, kwa hiyo nasalimu.

Barua ya kamati iko ndani, imefungwa. Tafadhali usiisome wewe. Mpe Nsengiyumva aisome kwa sauti, maana jina lake limo.

Nilimpa Divine nakala asubuhi nikasimama pale. Aliisoma mara mbili. Kisha akauliza, "Kumbe weye ulikuwaka mufukuza-ndege?" Nikasema ndiyo, miaka kumi. Akaniuliza kwa nini sikumwambia. Nikamwambia ukweli, kwamba niliona haya mbele yake. Amesema yeye baba yake ni fundi viatu wa Kamembe na hajawahi kuficha. Nilitaka ardhi inimeze. Hakunifukuza kazi. Ameniambia tu kwamba kijitabu kitachapwa upya, na kwamba maneno ya ukurasa wa nne uyachague wewe.

Wanataka siku nyingine mwezi wa kumi na moja, mpunga wa msimu ujao ukiwa na maziwa. Nilisema haiwezekani. Divine akasema tukuulize wewe.

Damascène


Bugarama, 20 Agosti 2025

Mwanangu Damascène,

Baba yako mzima, ametupa fimbo, safari hii kwa kweli. Niyonsaba ana jino. Marguerite anauliza kama utaoa, nimemwambia aandike mwenyewe.

Kikao kilikuwa Jumamosi, kwenye hangari ya mashine ya kukoboa. Walipofika kwenye jina langu nilisimama nikampa Nsengiyumva bahasha. Alitaka aisome kimya. Wanachama wakasema isomwe wazi. Akaanza na sauti ya rais, akafika pale ulipoandika "Bwana Nsengiyumva alikubali bila kuwauliza wenye mpunga," na sauti ikapungua. Mtu wa nyuma akasema, "Ongeza sauti, mukubwa, huku hatusikie." Akarudia sentensi hiyo. Nadhani hayo ndiyo malipo yangu, na nimeyapokea yote.

Alipomaliza, mzee mmoja wa vipande vya juu aliuliza huyu kijana ni mtoto wa nani. Nikasema ni wangu. Sikusema wa kaka yangu.

Wengine walisimama. Kumbe waliopungukiwa kando ya mafunjo tulikuwa kumi na mmoja, kila mmoja amekaa na aibu yake akidhani ni uvivu wake. Kamati haikufuta onyo langu. Imelisogeza mbele. Msimu huu wataangalia tena, na kipande kikikosa, kinakwenda, hakuna barua itakayosomwa. Wengine kumi nao wamepewa neno hilo hilo. Nimekasirika bado, lakini sasa tunakasirika kumi na mmoja, inachosha kidogo kuliko peke yangu.

Juu ya siku yenu ya mwezi wa kumi na moja, nimekaa na wenzangu na jibu letu ni hili. Waje. Lakini hatunyamazi hata dakika moja. Kila familia itapanda dungu moja na mwenye dungu, itapewa kopo na kamba, na itafukuza ndege kuanzia alfajiri. Anayetaka kuwajua atawajua akiwafukuza, kama sisi. Asiyetaka kuamka abaki hotelini Kamembe na kitabu chake. Saa sita, ndege wakipumzika, ndipo mazungumzo na juisi. Mwongozaji asiwe Divine. Awe wewe, na useme ulijifunzia wapi.

Maneno ya ukurasa wa nne nimeshayachagua: "Dative Mukamazimpaka akizuiwa kufanya kazi yake." Wakikataa, waiondoe picha.

Njoo siku moja kabla, ulale kwangu.

Dative


Kigali, 3 Novemba 2025

Shangazi,

Salamu kwenu wote. Wameyachapa maneno yako kama yalivyo, nakala ziko kwenye mfuko wangu.

Familia kumi na nne zimejiandikisha. Kuna msichana mmoja anarudi, yule mwenye daftari. Mama yake ameandika kwamba hakuamini ile habari ya mapambo.

Basi la Ijumaa ya tarehe 14 linajaa mapema, nimepata nafasi ya lile la mwisho. Nitafika Kamembe nimechelewa, nitalala kwa Marguerite, na alfajiri nitashuka Bugarama. Yale niliyotakiwa kukuambia ana kwa ana toka mwezi wa tano nimeyapanga, lakini kila nikiyarudia yanakuwa mafupi.

Damascène


Bugarama, Jumamosi 15 Novemba 2025, mlangoni

Damascène,

Sikusalimu, hakuna wakati. Wametoka kwenye mafunjo mapema leo na ni wengi kuliko mwezi wa tano. Familia mbili ziko tayari juu na Benitha. Usiingie ndani kutafuta chai. Yale mafupi yako utaniambia saa sita, ndege wakilala.

Kopo lako liko chini ya dungu, lile la tundu mbili. Nimelitia jiwe. Livae shingoni mbele ya wageni, kisha piga.